Pointa Haisemi Mwenye Mali ni Nani

Wakubwa shikamooni. Vijana, habari zenu.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kufungasha maktaba iliyoandikwa kwa lugha ya C ili itumike ndani ya lugha nyingine: Python, Lua, Tcl na ndugu zao. Mada ina mengi: kuna kompaila, kuna Windows na vituko vyake, kuna kutafuta faili la maktaba lilikojificha. Hayo nitayaruka yote. Ukiyakosea, kompyuta inakuambia saa ileile. Nitashika pointa peke yake, kwa sababu pointa ikikosewa programu inaendelea kwenda vizuri tu, majaribio yanapita, unapongezwa, na balaa linatokea kwa mteja.

Ili tusielee hewani nimechukua maktaba moja ambayo wengi wenu mmeibeba mfukoni hivi sasa: SQLite, hifadhidata iliyomo ndani ya simu za Android na iPhone. Aliiandika D. Richard Hipp mwaka 2000, na asili yake inatuhusu. Ilianza kama kiendelezi cha Tcl, lugha ya skripti ya John Ousterhout, na mpaka leo sehemu kubwa ya majaribio yake imeandikwa kwa Tcl. Hii ni C iliyozaliwa ikijua kwamba itaitwa na lugha nyingine. Nyaraka zake zinaeleza kila pointa ni ya nani na inaishi mpaka lini. Maktaba nyingi hazina ustaarabu huo.

Pointa ni namba ya mahali kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kwenye kompyuta za siku hizi ni namba ya biti 64, basi. Ni kama namba ya nyumba mtaani: inakuonyesha nyumba ilipo, lakini haikuambii wanaoishi humo ni akina nani, mwenye nyumba ni nani, wala kama jana tingatinga lilipita. Mwandishi wa C anayajua hayo matatu, ila anayajua kichwani mwake. Kompaila yake inajua la kwanza tu, yaani aina, na hata hilo ukitumia `void *`, pointa isiyotaja aina, inalisahau. Sasa pointa hiyo ikivuka kuingia Python, hata kale kajuzi ka aina kanabaki upande wa pili. Mnapofungasha maktaba, msidhani kazi yenu ni kutafsiri majina ya fanksheni. Kazi yenu ni kuyakumbuka mambo ambayo faili la heda, lile linaloorodhesha fanksheni za maktaba, halikuyaandika.

Nianze na dogo, maana ndilo linalowauma wanaoanza. Python ina moduli ya ctypes, ya kuita fanksheni za C moja kwa moja, iliyoingia kwenye toleo la 2.5 mwaka 2006. Usipoiambia fanksheni inarudisha nini, ctypes inachukulia kwamba inarudisha `int`. Na `int` ya C kwenye mashine tunazotumia ni biti 32. Maktaba inakurudishia anwani `0x7f3c5a2e1010`, wewe unapokea `0x5a2e1010`. Nusu ya juu imekatwa, hakuna onyo, hakuna kosa. Ukiirudisha hiyo namba kwenye maktaba, mchakato unakufa na maneno mawili tu kwenye skrini: Segmentation fault. Tiba ni kuandika `restype` (aina inayorudishwa) na `argtypes` (aina zinazopelekwa) kwa kila fanksheni, bila kubagua, hata ile unayoona ni ndogo. Na msisahau upande wa kupeleka: namba ya Python ikipelekwa bila `argtypes` nayo inakatwa vilevile. Nimekutana na watu wanaoandika ya kwanza na kuacha ya pili, kisha wanamlaumu mungu wa Linux.

Hilo tuliache. Tuje kwenye umiliki, ambako ndiko kwenye mambo.

Tazama fanksheni mbili za SQLite. `sqlite3_sql` unaipa kauli iliyoandaliwa, yaani amri ya SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) iliyotayarishwa kuendeshwa, inakurudishia maandishi ya SQL kama ulivyoyaandika. `sqlite3_expanded_sql` inakurudishia maandishi yaleyale lakini thamani zikiwa zimeshajazwa mahali pa alama za kuuliza. Kwa jicho la haraka ni mapacha. Lakini pointa ya kwanza ni mali ya kauli yenyewe: kauli ikifutwa, maandishi yanaondoka nayo, na ole wako uyaachie wewe. Ya pili ni mali yako: maktaba imeomba kumbukumbu mpya kwa ajili yako, na usipoiachia kwa `sqlite3_free` inavuja. Ukiangalia heda kwa makini utaona ya kwanza ina `const`, yaani "usibadilishe", na ya pili haina. Ni dalili nzuri, lakini ni dalili tu. Zipo maktaba zinazorudisha mali yao wenyewe bila `const`, na C ya kawaida imejaa mifano: `getenv` inarudisha `char *` tupu, na haikupi ruhusa ya kuachia chochote wala kubadilisha.

Sasa mtu anaifungasha hiyo ya pili kwa ctypes. Anaona inarudisha maandishi, anaandika `restype = c_char_p`. Inafanya kazi! Anapata maandishi safi. Tatizo ni kwamba ctypes ikiona `c_char_p` kwenye marejesho inakufanyia hisani: inanakili herufi, inakupa objekti ya Python, na anwani yenyewe inaitupa. Huna tena cha kuipelekea `sqlite3_free`. Ukiita fanksheni hiyo kwenye seva inayoandika logi ya kila kauli, kumbukumbu inapanda polepole kutwa nzima na hakuna anayejua kwa nini. Namna inayofaa ni hii:

```
lib.sqlite3_expanded_sql.argtypes = [c_void_p]
lib.sqlite3_expanded_sql.restype = c_void_p
lib.sqlite3_free.argtypes = [c_void_p]
lib.sqlite3_free.restype = None

p = lib.sqlite3_expanded_sql(kauli)
if p is not None:
    try:
        maandishi = string_at(p).decode()
    finally:
        lib.sqlite3_free(p)
```

Angalieni mstari wa `is not None`. Pointa tupu ya C inaingia Python kama `None`, na fanksheni hii inaweza kuirudisha kumbukumbu ikiisha. Angalieni pia kwamba sikuita `free` ya C. Nimeita ya SQLite, kwa sababu aliyetoa kumbukumbu ndiye anayejua kuipokea. Kwenye Windows maktaba moja inaweza kuwa na hazina yake ya kumbukumbu na programu yako ikawa na nyingine, ukichanganya unaharibu zote mbili.

Kuna aina ya tatu, mbaya kuliko hizo mbili, maana si mali yako na pia si ya kudumu. `sqlite3_column_text` inakupa maandishi ya safu fulani kwenye mstari wa matokeo. Pointa hiyo ni halali mpaka uite `sqlite3_step` kwenda mstari unaofuata, au `sqlite3_reset`, au `sqlite3_finalize`, au mpaka uombe safu hiyohiyo kwa aina nyingine ikalazimika kugeuzwa. Mtu wa C analiishi hilo bila shida, anasoma na kusonga. Lakini mtumiaji wa Python ataweka matokeo kwenye orodha, ataipeleka orodha kwenye fanksheni nyingine, na ataisoma kesho. Hajui kama kuna `step`, wala hatakiwi kujua. Hapa msinionyeshe ujanja wa kuokoa kasi. Nakilini. Kunakili maandishi ya safu moja ni bei rahisi mno ukilinganisha na usiku utakaokesha ukitafuta jina la mteja lililogeuka kuwa la mwingine.

Hayo yote ni ya pointa zinazotoka C kuja kwetu. Zinazotoka kwetu kwenda C ndizo zinazonivutia mimi zaidi, na naomba hapa mnivumilie niingie ndani.

`sqlite3_bind_text` inaweka maandishi mahali pa alama ya kuuliza. Ina hoja 5, na ya tano ndiyo hukumu. Ukiweka `SQLITE_STATIC`, ambayo ni sifuri, unaiambia SQLite: maandishi haya hayataondoka, usinakili, shika pointa yangu tu. Ukiweka `SQLITE_TRANSIENT`, ambayo ni hasi moja iliyovishwa aina ya pointa, unasema: nakili sasa hivi, mimi sijiamini. Mtu mvivu anaona sifuri ni rahisi, anaandika `None`:

```
lib.sqlite3_bind_text(kauli, 1, jina.encode(), -1, None)
lib.sqlite3_bind_text(kauli, 2, simu.encode(), -1, None)
lib.sqlite3_step(kauli)
```

Twende polepole. `jina.encode()` inatengeneza objekti mpya ya baiti. Hakuna jina lililoishika, ipo kwa ajili ya wito huo tu. Wito ukiisha, hesabu ya wanaoirejelea inafika sifuri, na CPython, yaani Python ya kawaida iliyoandikwa kwa C, inaiachia papo hapo. SQLite bado imeshika anwani ya ndani yake.

Kama jina ni "Mwanahamisi", objekti hiyo ina baiti 44: 33 za utawala na herufi 11. CPython ya sasa kwenye biti 64 inagawa vitu vidogo kwa vipande vinavyopanda kwa 16, kwa hiyo imechukua kipande cha 48. Kipande kikiachiwa, CPython inaandika ndani yake baiti 8 za mwanzo tu, kuunganisha orodha ya vipande vilivyo wazi. Herufi za jina zinaanza baada ya baiti 32. Maana yake jina "Mwanahamisi" limebaki pale pale, zima, halijaguswa. Ukijaribu kwa safu moja tu, `step` inasoma jina sahihi na jaribio linapita. Mtu anaapa kwamba msimbo wake ni mzima.

Mstari wa pili sasa. Namba ya simu ya tarakimu 10 ni baiti 43. Nayo inataka kipande cha 48. Na kipande kilichoachiwa mwisho ndicho kinachotolewa kwanza. Mara nyingi simu inakaa palepale jina lilipokuwa, na kwenye hifadhidata safu ya jina inaingia namba ya simu. Hakuna kilichokufa, hakuna kosa lililoripotiwa, hifadhidata yenyewe ukiikagua ni salama kabisa. Na karibu majina yetu yote, kuanzia Asha mpaka Mwanahamisi, yana herufi zisizozidi 15, kwa hiyo yote yanagombea kipande cha ukubwa uleule. Mteja mwenye jina refu la herufi 20 hatapata shida, naye ndiye atakayewapoteza mnapotafuta chanzo.

Moduli ya sqlite3 inayokuja na Python yenyewe inatumia `SQLITE_TRANSIENT` kwa maandishi. Wameikubali gharama ya kunakili. Kama wao wamekubali, sisi ni nani.

Wakati mwingine hakuna hoja ya tano ya kukuokoa. `putenv` ya C inachukua pointa yako na kuifanya sehemu ya mazingira ya mchakato, moja kwa moja, bila kunakili. Watunzaji wa CPython waliishi na hilo miaka mingi kwa kuweka kamusi ya siri iliyoitwa `posix_putenv_garbage`, kazi yake ikiwa kuyashika maandishi hayo yasizolewe mpaka jina lilelile liwekwe upya. Iliondolewa kwenye toleo la 3.9 walipohamia `setenv`, ambayo inanakili. Napenda mfano huo kwa sababu unaonyesha njia ya pili: kama huwezi kunakili, basi shikilia. Weka rejeo mahali panapoishi angalau muda uleule ambao C inaihitaji pointa.

Kushikilia ndiko kunakotakiwa kwa fanksheni za Python unazoipa C iziite baadaye. Ukitumia `CFUNCTYPE` kutengeneza pointa ya fanksheni, ukaipeleka, kisha usiitunze upande wako, mzoa taka wa Python, yaani sehemu inayofuta vitu visivyorejelewa tena, ataizoa, na C itakapoiita itaruka kwenye shimo. Nyaraka za ctypes zimeandika onyo hilo wazi. SQLite imeweka mlango mzuri: `sqlite3_create_function_v2` ina hoja ya mwisho ambayo ni fanksheni ya kuitwa pale maktaba inapokuwa haiihitaji tena pointa yako. Unaongeza rejeo unapoingia, unapunguza ukiitwa. Maktaba yoyote yenye mlango wa namna hiyo, itumieni. Isiyo nao, tunzeni orodha kwenye objekti ya muunganisho wa hifadhidata na mkubali kwamba itaishi kadiri muunganisho unavyoishi.

Nimetaja mzoa taka. Hapo pana ugomvi mwingine, wa mpangilio. Kwenye C unafuta kauli kwanza, ndipo unafunga muunganisho. `sqlite3_close` ukiiita na kauli bado zipo wazi, inakataa na kurudisha `SQLITE_BUSY`. Lakini mzoa taka hana adabu ya mkubwa na mdogo. Programu inapozimika anaweza kuanza na muunganisho. Mwaka 2012 SQLite ilileta `sqlite3_close_v2`: ukiiita huku kauli zipo, muunganisho unabaki kama mzuka, hautumiki tena lakini haufi, mpaka kauli ya mwisho ifutwe. Nyaraka zinasema waziwazi kwamba imekusudiwa lugha zenye mzoa taka, ambako mpangilio wa kufuta vitu hautabiriki. Maktaba nyingine haziwezi kukufanyia hivyo, kwa hiyo kaeni na desturi hii: objekti ya mtoto ishike rejeo la mzazi. Kauli iwe na sehemu inayoelekeza kwenye muunganisho wake, hata kama huitumii kwa lolote jingine.

Lua wanayo namna safi ya kupanga haya na nawashauri muige hata mkiwa Python. Lua inakupa vitu viwili. Kuna data nyepesi, ambayo ni pointa tupu, na zote duniani zinashiriki metatable moja (jedwali linaloeleza tabia za kitu), hivyo haziwezi kutofautiana aina. Na kuna data kamili, kisanduku kinachomilikiwa na Lua, chenye metatable yake, ambacho `luaL_checkudata` inaweza kukiuliza: wewe ni muunganisho au ni kauli? Ndani ya kisanduku unaweka pointa ya C. Mtumiaji akifunga muunganisho kwa mkono, unaachia upande wa C kisha unaandika `NULL` ndani ya kisanduku. Kila fanksheni inakagua kisanduku kabla ya kugusa chochote. Mzoa taka akija baadaye kupitia `__gc`, fanksheni anayoiita kabla ya kufuta kitu, anakuta `NULL`, anaondoka. Kufunga mara mbili hakuna madhara, na kutumia baada ya kufunga kunaleta kosa la Lua lenye maneno ya kueleweka badala ya mchakato kufa.

Baadhi yenu mmeshawahi kuona pointa iliyopelekwa kama maandishi. SWIG, chombo cha kufungasha kiotomatiki alichokianza David Beazley huko Los Alamos mwaka 1995, kilifanya hivyo kwa Tcl: tarakimu za anwani, kisha jina la aina limebandikwa nyuma. Majaribio ya SQLite yenyewe yanapitisha pointa kama maandishi ndani ya Tcl. Kwa majaribio ni sawa. Lakini maandishi yanaweza kuandikwa na yeyote. SQLite iliwahi kuwa na fanksheni ya SQL iitwayo `fts3_tokenizer`, ambayo hoja yake ya pili ilikuwa baiti za anwani ya muundo wa C. Yaani mtu aliyefanikiwa kupenyeza SQL kwenye fomu yako angeweza kuipa hifadhidata anwani aliyoibuni, nayo ingeifuata. Toleo la 3.11.0 la mwaka 2016 likaizima isipowashwa kwa makusudi, na mwaka uliofuata 3.20.0 likaleta `sqlite3_bind_pointer`: pointa inapita pamoja na jina la aina yake, upande wa SQL inaonekana kama `NULL` tu, na atakayeipokea lazima ataje jina lilelile. Python ilishafika hapohapo na `PyCapsule`, objekti inayofunga pointa pamoja na jina, kwenye 3.1 na 2.7. Anayewaambia kwamba ukaguzi wa jina ni ucheleweshaji, muulizeni ulinganisho wa maandishi mafupi unachukua muda gani.

Nimeulizwa swali hapa mbele, nalijibu kwa sauti: kwa nini tusiachie cffi, chombo cha Python cha kazi hii, au SWIG ifanye yote? Itumieni, mimi mwenyewe natumia cffi na sina mpango wa kurudi. Lakini chombo kinasoma heda, na umiliki haumo kwenye heda. SWIG haitajua kwamba fanksheni inarudisha mali yako mpaka uandike `%newobject`. cffi haitaita `sqlite3_free` mpaka wewe uifunge pointa kwa `ffi.gc`. Na cffi ina mtego wake: kumbukumbu uliyoomba kwa `ffi.new` inakufa mara objekti ya Python inapokufa, hata kama ulishaiweka ndani ya muundo mwingine wa C. Kilichopungua ni kuandika. Kusoma nyaraka za kila fanksheni kumebaki palepale.

La pili limetoka nyuma kule: nitajuaje nimekosea kabla mteja hajajua? Anzeni na hiki, hakihitaji kusakinisha chochote. Endesheni majaribio yenu na `PYTHONMALLOC=debug` kwenye mazingira. Kuanzia Python 3.8, kumbukumbu inayoachiwa inajazwa baiti `0xDD`. Rudieni ule mfano wa jina kwa safu moja, ule uliokuwa unapita, kisha someni baiti za safu ya jina. Mkikuta `DD` zimejipanga mahali pa "Mwanahamisi", mmempata. Baada ya hapo wekeni `PYTHONMALLOC=malloc`, ili mgawaji wa Python asifiche kitu, na mwendeshe chini ya Valgrind, chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu; hiyo itawatajia mstari gani uliachia na mstari gani ulisoma baadaye. Na ndani ya jaribio iteni `gc.collect()` katikati ya bind na step. Taka za mzunguko hazizolewi papo hapo, na jaribio fupi linaweza kuisha mzoa taka hajaamka.

Nasikia muda umeisha. Mwenye swali la thredi anifuate nje, maana hilo ni la saa nzima.